Kurudi kwenye pikipiki baada ya upasuaji wa mgongo: hatua kwa hatua, kwa sisi wa Kigoma

Haziishi wiki mbili kijiweni kwetu Mwanga bila mtu kuniuliza swali lile lile. "Kaka, nina wiki ya sita tangu nipasuliwe mgongo, siumwi tena, naweza kuwasha?" Mwingine ana vyuma mgongoni na anataka kujua kama vitahimili rasta za barabarani, yale matuta madogo madogo yanayofuatana. Juzi alikuja dada mmoja kuuliza kwa niaba ya mumewe, kumbe mume mwenyewe ameshapanda tangu Jumatatu. Nimeona niandike yote mahali pamoja.

Mimi si daktari. Ni dereva wa bodaboda. Nilifanyiwa upasuaji wa diski, kile kimto kilicho kati ya pingili na pingili, kwangu ni kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno, nikarudi barabarani mapema mno, nikalala tena wiki tatu, kisha nikarudi kwa utaratibu na mpaka leo naendesha. Nilichojifunza ni kwamba mara nyingi kinachomrudisha mtu kitandani si mwendo. Ni kiki (kuwasha kwa kupiga mguu), ni stendi kubwa, ni kusukuma pikipiki iliyozima mlimani, ni dumu la mawese. Mtu anajiandaa kwa ajili ya barabara, halafu anaumia pikipiki ikiwa imesimama.

Mimi niliumia hivyo hivyo. Ilikuwa wiki ya tano, nimeshuka Kibirizi kufuata dagaa wa mteja. Betri ilikuwa imechoka, selfu (kuwasha kwa kitufe) ikagoma, nikaamua kupiga kiki. Pale chini wanaposhusha madumu palikuwa na mawese yaliyomwagika, na kandambili yangu ilishayakanyaga. Mguu ukachomoka kwenye kiki kabla haujafika chini, kiuno kikajinyonga. Nilisikia kitu kama shoti ya umeme kutoka tako la kulia hadi kidole gumba cha mguu. Nikalishika tangi kwa mikono miwili nikabaki nimeinama hivyo hivyo, siwezi kukaa, siwezi kunyooka, mpaka vijana wa mitumbwi waliponishika makwapani. Kwa hiyo ukiona huko mbele nasisitiza betri na viatu kuliko kitu kingine, sababu ndiyo hiyo.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Ruhusa ya daktari aliyekupasua, na umtajie neno "pikipiki". Ukimuuliza "naweza kurudi kazini?" anaweza kufikiri kazi yako ni ya mezani. Mwambie unakaa kwenye siti saa ngapi kwa siku, barabara zako zikoje, na kwamba unabeba abiria na mizigo.
- Karatasi yako ya hospitali inayosema ulifanyiwa nini. Wengi wetu tunapasuliwa mbali, Muhimbili au Bugando, na karatasi ndiyo itakayomsaidia daktari wa huku siku ukipata shida.
- Mtaalamu wa fiziotherapia wa kukupa mazoezi. Kwetu anzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni.
- Pikipiki yenye selfu inayofanya kazi na betri nzima.
- Viatu vya kufunga, vyenye soli inayoshika. Kandambili weka nyumbani.
- Helmeti nzima. Usichague ile nzito kuliko zote, maana shingo na mgongo ni kitu kimoja.
- Mtu wa kwenda naye mara tano za kwanza, mwenye nguvu za kuinua pikipiki ikianguka.
- Akiba au makubaliano ya hesabu, yaani fedha ya kila siku ya mwenye pikipiki. Nitalieleza hili peke yake, kwa sababu ndilo linalotuponza wengi.

Kuhusu hesabu

Madereva wengi hawarudi mapema kwa sababu wamepona. Wanarudi kwa sababu bosi anadai hesabu ya kila siku, au wana mkataba wa pikipiki na wanaogopa kunyang'anywa. Ongea na bosi kabla ya upasuaji kama bado hujapasuliwa, na kama umeshapasuliwa ongea naye leo. Njia iliyonisaidia mimi ni kumtafuta deiwaka, dereva wa kunishikia kwa muda, ninayemwamini, bosi akamkubali, hesabu ikaendelea kwenda na mimi nikawa napata kidogo cha juu. Andikianeni, hata kwenye daftari tu, mbele ya mwenyekiti wa kijiwe. Mwonyeshe bosi karatasi ya hospitali. Bosi mwenye akili anajua dereva aliyelemaa hamlipi kitu, na pikipiki iliyoangushwa na mtu mwenye mguu wa ganzi ni hasara yake pia.

Hatua zenyewe

1. Jua ulifanyiwa nini. Upasuaji wa mgongo si mmoja. Kuna kutoa kipande cha diski kilichokuwa kinabana mshipa wa fahamu. Kuna kuchonga mfupa wa nyuma ya pingili ili kupanua njia ya mishipa. Na kuna kuunganisha pingili kwa vyuma na skrubu. Aliyetolewa kipande cha diski kwa kawaida anapona haraka kuliko aliyeunganishwa pingili, kwa sababu huyu wa pili anasubiri mfupa uote na kushikana, na mfupa huchukua miezi. Wa diski, usifikirie pikipiki kabla ya wiki sita hadi nane. Wa vyuma, usifikirie kabla ya miezi mitatu, na wengi huambiwa sita au zaidi, mpaka eksirei ionyeshe mfupa umeshika. Daktari wako akikuambia subiri zaidi ya hapo, fuata lake, acha langu.

Na kwa wale wa vyuma wanaovuta sigara: moshi unachelewesha mfupa kushikana. Hili madaktari hawalisemi kukutisha tu.

2. Tembea kwanza. Kama huwezi kutembea nusu saa mfululizo kwenye ardhi tambarare bila maumivu kushuka mguuni, huna kazi na pikipiki. Anza na dakika tano asubuhi na tano jioni, uongeze kidogo kidogo. Kigoma ni vilima vitupu, kwa hiyo chagua njia. Mimi nilikuwa natembea pembeni ya barabara ya kwenda Ujiji asubuhi na mapema, na kile kilima cha kutoka stesheni nilikiacha mpaka wiki ya tisa. Sambamba na kutembea fanya mazoezi uliyopewa: kulala chali na kuinua kiuno, kukaza tumbo ukiwa unapumua kawaida, kupiga magoti na kunyoosha mkono mmoja na mguu wa upande wa pili. Misuli ya tumbo, mgongo na matako ndiyo shokapu yako ya kwanza, kabla ya zile za chuma.

3. Pima miguu yako. Hapa usijidanganye. Breki ya nyuma iko mguu wa kulia na gia ziko mguu wa kushoto, na mishipa iliyokuwa imebanwa mgongoni ndiyo inayoendesha nyayo hizo.

Tembea kwa visigino hatua kumi, vidole vikiwa juu. Kisha tembea kwa ncha za vidole hatua kumi. Kisha simama mguu mmoja umeshika ukuta, nyanyuka kwa vidole mara kumi, ubadilishe mguu. Upande mmoja ukiwa dhaifu kuliko mwingine, au wayo ukilegea na kuburuza, bado. Halafu kaa kwenye kiti, mwombe mtu akushtue kwa kupiga kofi, na kila akipiga, kanyaga chini kwa nguvu kwa mguu wa kulia kama unafunga breki. Ukisita kwa kuogopa maumivu, huko barabarani utasita pia, na mtoto anayekatiza pale Gungu hatakusubiri.

4. Maliza dawa zinazoleta usingizi. Tramadoli ya maumivu, na zile dawa za mishipa ya fahamu wanazotupa baada ya upasuaji, zinaleta usingizi na kizunguzungu. Ukiwa bado unazinywa, usiendeshe. Na usiziache ghafla ili tu uendeshe. Nyingine hupunguzwa taratibu, kwa maelekezo ya daktari.

5. Iandae pikipiki. Hii ni kazi ya fundi na ya siku moja, lakini ndiyo itakayokuokoa.

Betri kwanza. Iwashe kwa selfu asubuhi ikiwa baridi, mara tatu kwa siku tatu tofauti. Ikikataa hata mara moja, badilisha betri au tafuta tatizo, usiseme utapiga kiki kidogo.

Shokapu za nyuma zina mahali pa kukaza na kulegeza springi. Sisi wa bodaboda huwa tunazikaza mwisho kwa ajili ya abiria na mizigo. Ukiwa peke yako zinakuwa ngumu kama mbao na kila shimo linapanda moja kwa moja kiunoni. Mwambie fundi azirudishe kwenye alama laini. Za mbele zikivuja oili, badilisha sili. Upepo wa tairi uwe kama ulivyoandikwa kwa dereva mmoja. Kuna wanaojaza hadi tairi linadunda kama mpira wakidhani linadumu.

Siti nayo. Sponji ikiwa imekufa, mpelekee fundi siti aweke mpya, imara lakini isiyo ngumu. Usukani uzungushwe kidogo uje kwako, ili ukikaa wima viwiko vibaki vimekunjika na usilazimike kuinamia tangi. Na toa kila kitu kwenye keria kinachokulazimisha kuinua mguu juu sana unapopanda.

6. Jifunze upya kupanda, kushuka na stendi. Fanya uani kwako, injini ikiwa imezimwa, na mwenzako yuko pembeni.

Kupanda: pikipiki iwe kwenye stendi ndogo. Simama karibu nayo kabisa, shika usukani kwa mikono yote miwili na ubane breki ya mbele, pitisha mguu juu ya siti kwa kuukunja goti. Usiurushe. Mabega na nyonga vielekee upande mmoja. Kinachoumiza ni mabega kwenda huku na kiuno kwenda kule.

Stendi kubwa: wiki za kwanza isahau kabisa, tumia ndogo. Baadaye, ukilazimika, usivute pikipiki kwa mgongo. Kanyaga stendi kwa mguu mpaka miguu yake yote miwili iguse chini, halafu simama juu yake kwa uzito wako wote, mikono inaongoza tu. Pikipiki zetu hizi, Boxer au TVS, zina zaidi ya kilo 100, na mgongo uliopasuliwa hauna deni la kuzinyanyua.

Kisha kaa tu juu ya pikipiki dakika kumi bila kuwasha. Siku ya pili kumi na tano. Maumivu yakianza ukiwa umekaa tu, umeshajua jibu.

7. Dakika kumi za kwanza. Asubuhi, siku kavu, Jumapili kama unaweza, kwenye lami, peke yako, mwenzako anafuata nyuma na pikipiki nyingine. Usipite sokoni Mwanga wala usishuke Kibirizi. Gia ya pili na ya tatu zinatosha. Fanya breki za taratibu mara kadhaa, kisha moja ya ghafla mahali pasipo na mtu. Rudi nyumbani. Tembea dakika tano. Usiendeshe tena siku hiyo hata ukijisikia mzima kabisa, kwa sababu mgongo hutoa majibu yake kesho yake asubuhi.

8. Ongeza kwa kanuni ya kesho asubuhi. Ukiamka na hali ile ile ya jana, ongeza dakika tano au kumi. Ukiamka mgongo umekakamaa, ukalegea ndani ya nusu saa, rudia muda ule ule. Ukiamka na maumivu yanayoshuka mguuni, pumzika siku mbili na urudi nyuma hatua moja. Mimi ilinichukua wiki nne kutoka dakika kumi hadi saa moja, na kila baada ya dakika thelathini nilikuwa nashuka na kutembea kidogo. Mpaka leo nashuka. Abiria wakinikuta nazunguka zunguka kijiweni wanadhani nina haraka.

9. Matuta, rasta na vumbi. Ukiona tuta au shimo, punguza mwendo kabla, kisha nyanyuka kidogo kutoka kwenye siti, kanyaga pale pa kuwekea nyayo (si breki wala gia) kwa miguu yote miwili, magoti yamekunjika na yamelibana tangi. Mtikisiko uishie magotini. Kwenye rasta fanya hivyo hivyo, na usizipite kwa kasi ukidhani utaziruka. Barabara za vumbi anza nazo ukiwa umeshafikisha saa moja kwenye lami bila shida. Wakati wa mvua udongo wetu unateleza, na kuteleza kwenyewe, hata usipoanguka, kunakunyonga kiuno unapojaribu kuiokoa pikipiki. Ikianza kuanguka, iachie. Kioo kinauzwa.

Barabara ya Manyovu ni lami nzuri, lakini ina kona na milima ya kutosha. Usiifanye kuwa safari yako ndefu ya kwanza.

10. Abiria, na mwisho kabisa mzigo. Abiria wa kwanza awe mtu unayemjua, mwepesi, anayekaa ametulia, safari fupi. Zikaze shokapu upya kabla ya kumpakia. Abiria mzito anapopanda anakuegemea begani na kukuvuta, kwa hiyo mwambie: "Mama, naomba ushike keria, usinishike mimi, mgongo wangu una kidonda." Hakuna aliyewahi kunikatalia. Mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, hapana, si kwa mgongo tu.

Dumu la lita 20 la mawese lina kilo 18 hivi. Kuliweka kwenye keria maana yake ni kuinama, kunyanyua na kujigeuza kwa pamoja, yaani mambo matatu uliyokatazwa hospitali. Mwenye mzigo apakie mwenyewe na ashushe mwenyewe. Mimi nilingoja mwaka mzima, na mpaka sasa dumu la pili nakataa.

Makosa ninayoyaona kila siku

Kukandwa. Ukirudi nyumbani umepasuliwa, atatokea shangazi au jirani mwenye nia njema na chupa ya mafuta ya mise (ya kiini cha mchikichi), anataka akukande mgongo, au kijana akukanyage mpaka mgongo ulie "kwa!". Mshukuru kwa heshima na ukatae. Mgongo uliopasuliwa haukandwi wala haukanyagwi mpaka aliyekupasua aseme, na mshono mbichi haupakwi mafuta.

Kufunga mkanda wa mgongo kutwa nzima. Kama daktari kakuagizia, vaa kama alivyosema. Kama umejinunulia sokoni, ujue haufanyi kazi ya misuli. Ukiuzoea, misuli inalala.

Kumeza dawa ya maumivu kabla ya kuendesha "ili nipate safari mbili tatu". Maumivu ndiyo mita yako, na kwa kidonge hicho umeifunika.

Kuweka pochi au simu mfuko wa nyuma. Unakaa upande, kiuno kinapinda kutwa. Hamishia mbele.

Ukipata shida

*Kiuno kinachoka baada ya dakika ishirini, mguu hauumi.* Mara nyingi ni misuli au mkao. Angalia usukani na siti tena, rudia muda mfupi, ongeza mazoezi.

*Ganzi ya vidole vya mguu inakuja ukiendesha na kuisha ukishuka.* Simamisha kuendesha kwa wiki, umwone mtaalamu wa fiziotherapia au daktari kabla ya kurudi.

*Pikipiki imezima mlimani na selfu haivuti.* Usiisukume, usiipige kiki. Iegeshe pembeni, piga simu kijiweni. Nikikosa mtu, huwa namlipa kijana yeyote aliye karibu aisukume hadi kwa fundi, na bei yake haijawahi kufika nauli ya kwenda hospitali.

*Umeanguka, hata kidogo.* Usiinuke haraka. Angalia kama miguu inachezeka na inahisi. Ukiwa na vyuma, nenda ukapigwe eksirei hata kama huumwi.

*Mshono unatoa maji au usaha, au una homa.* Hospitali siku hiyo hiyo.

*Mguu mmoja umevimba na unauma nyuma chini ya goti.* Inaweza kuwa damu imeganda. Usiukande. Hospitali siku hiyo hiyo. Na kifua kikibana au pumzi ikikata, usingoje hata saa moja.

*Umeshindwa kukojoa, au mkojo au haja kubwa inatoka bila kujijua, au una ganzi sehemu zote zinazogusa siti, au mguu umelegea ghafla.* Hii haingoji asubuhi. Mishipa ya chini ya mgongo inabanwa, na ikichelewa kuachiliwa inaweza isirudi tena. Tafuta gari, si pikipiki, ulale siti ya nyuma, mpeleke mtu mbele na karatasi yako ya upasuaji, na mkifika tu semeni maneno hayo hayo mlangoni: mgongo umepasuliwa, mkojo umegoma, kuna ganzi.